Barua kwa Da Zuhura: habari za tela na habari za bati

Columbus, Ohio
14 Julai

Dada yangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Shikamoo. Ya Mama mpelekee peke yake, usiichanganye na salamu za watu wengine. Sisi huku hatujambo. Mama Salma mzima, Salma kamaliza darasa la nne na kafaulu vizuri, Omari anaota meno ya mbele na akicheka unamwona Baba kabisa. Wasiwasi wetu ni kwenu.

Ama baada ya salamu. Barua hii naileta kwa mkono wa mtu wa Chumbageni anayekuja harusini. Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu mambo ya nyumbani nimekoma kuyaandika kwenye lile kundi la simu. Watu zaidi ya thelathini wanasoma, wengine hata sijui waliingiaje. Msomee Mama chumbani baada ya Alasiri, si barazani. Kaka Mkubwa akitaka kuisoma mpe, sina nililomficha.

Dada, maneno ya Kaka yameniuma. Niliweka picha moja tu: tela, mimi na watoto tumekaa mlangoni pake, nyuma yetu shamba la ngano. Saa haikupita akajibu kwamba wenzetu wanatalii na nyumba ya magurudumu, huku mama yao anakinga maji ya mvua kwa beseni. Watu wakacheka. Hata Mjomba wa Korogwe kacheka. Nilikuwa kituo cha mafuta, mkono umeshika bomba, nikayasoma yale maneno mara tatu mpaka tangi likajaa na bomba likajikata lenyewe. Sikujibu. Mwezi umepita sijajibu. Nakujibu wewe leo.

Yaani Kaka kalisahau tela la Baba? Yeye ndiye aliyekuwa akikaa mbele, kwa kuwa mkubwa. Mimi na wewe na Hamisi tulikuwa nyuma, juu ya mkeka, turubai limefungwa juu tusichomwe na jua. Baba akishamaliza kushusha marobota ya mkonge bandarini, lori linarudi shamba tupu, basi ikikaribia Idd kubwa anatupakia. Muheza kwa Shangazi, Hale, Korogwe kwa Mjomba, mpaka Mombo. Unakumbuka lile gunia la nazi, na papa mkavu aliyekuwa ananuka mpaka nguo zetu zikanuka? Kila nyumba tunaacha nazi na kipande cha papa. Na Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Anashuka, anaamkia wakubwa, anauliza nani anaumwa, halafu anauliza nani hasemi na nani. Akikuta ndugu wamenuniana haondoki. Lori linakaa nje, sisi tunalala juu ya mkeka, mpaka wapeane mikono mbele yake. Ule mwaka wa Muheza tulikaa siku mbili kwa ajili ya Shangazi na mkwewe, Baba akakatwa mshahara, na wala hakujutia.

Mimi ndicho nilichokwenda kufanya. Nimekwenda kwa ndugu zangu kwa tela, kama Baba. Kaka kaona magurudumu, hakuuliza yanakwenda wapi.

Tela lenyewe nililinunua mwaka jana mwezi wa kumi na moja. Si jipya, lina miaka kumi na mbili, lakini ni langu na sikukopa hata senti moja, na huku, dada, watu wanakopa mpaka godoro. Ni zamu za usiku za ghalani, miaka mitatu, yamekwisha hayo. Lina urefu wa mita saba. Ndani mna kitanda cha watu wazima, vitanda viwili vya watoto kimoja juu ya kingine, jiko la gesi la mafiga matatu, friji, choo na bafu, na meza ndogo ambayo usiku unaishusha inakuwa kitanda. Madirishani Mama Salma kaweka kanga, ile nyekundu aliyotumiwa na Mama alipojifungua Omari kaikata mapazia. Ukifika kambini unachomeka waya wa umeme kwenye nguzo yao, unaunga mpira wa maji, na maji machafu yana tangi lake chini, unakwenda kuyamwaga mahali maalumu. Hununui chakula njiani, hulali hoteli, na mtoto akilala hakuna wa kumwamsha.

Nataka Mama asikie na hili. Kambi ya kwanza tuliyoingia, kulikuwa na wazee wa Kizungu wamekaa nje kwenye viti vyao. Huku mtu mgeni akirudisha tela nyuma watu wanageuza viti watazame, maana wengi wanahangaika nusu saa, mke kasimama nyuma anapunga mikono, mume anapiga kelele. Mimi nililiingiza mara moja. Mkono chini ya usukani, unapoupeleka mkono ndiko tela linakokwenda, polepole. Mzee mmoja akanyanyuka akaja kunishika mkono, akaniuliza nilijifunza chuo gani. Nikamwambia nilikuwa utingo wa baba yangu miaka miwili, njia ya Tanga kwenda mashamba ya mkonge. Hakuelewa mkonge ni nini. Nikamweleza mpaka usiku.

Na kupakia ni kule kule kwa Baba. Alikuwa anasema mzigo mzito ukae mbele ya ekseli, tela likiwa jepesi mbele litakutikisa kama mkia wa mbwa. Huku wameandika vitabuni kwamba asilimia 10 mpaka 15 ya uzito iangukie kwenye ulimi wa tela, pale linaposhikana na pikapu. Baba hakuwa na asilimia. Alikuwa anapanda juu ya ulimi kwa mguu mmoja, analisikiliza, anashuka anasema, sogezeni robota mbili mbele.

Sasa safari. Kutoka hapa Columbus mpaka Denver ni barabara moja tu, namba 70, inakwenda magharibi moja kwa moja. Ni kama kilomita 2,000, yaani Tanga na Dar karibu mara sita, na hapo ni kwenda tu. Niliomba likizo wiki mbili kwa ujumla, nikahesabu nani yuko wapi njiani, nikawapigia.

Wa kwanza alikuwa Golikipa, yuko Indianapolis. Yule yule wa Barabara ya 14 aliyekuwa anadaka pale uwanja wa vumbi. Dada, kanenepa, ana mvi, ni muuguzi, ana nyumba nzuri ya orofa. Kanisubiri nje ya geti kavaa jezi ya Coastal. Nilipozima gari akapiga yowe, "Mgosi!", mpaka majirani wakatoka. Tulikaa mpaka alfajiri. Tulizungumza habari ya 1988, Coastal ilipochukua ubingwa, tulivyokimbia toka Mkwakwani mpaka nyumbani bila viatu, wewe ukatupiga wote wawili kwa sababu viatu vilikuwa vipya. Kakuulizia sana. Kasema fimbo yako anaikumbuka mpaka leo, na kakutumia dola hamsini, zimo humu ndani ya bahasha, ni zako wewe, usizitie kwenye mambo ya nyumba.

Ila aliponisindikiza asubuhi alishika mlango wa tela akasema mwaka wa nane huu hakuna mtu wa Tanga aliyekuja kulala kwake. Tunapigiana simu, tunaandikiana, lakini kulala hakuna. Machozi yalimtoka, Dada. Mtu mzima.

St. Louis tulilala kwa yule binti wa Makorora, rafiki yake Mama Salma. Katupikia samaki wa kupaka, tui la kopo lakini mkono wa Makorora. Hapo kuna upinde mkubwa wa chuma unaong'aa, una mita 192, na kando yake mto Mississippi. Salma aliuliza kama ni mkubwa kuliko mto wa Pangani. Nikamwambia mto wa Pangani unavushwa na kivuko na kuna watu wanaoamkiana ndani ya kivuko, na huu tumeuvuka kwa dakika moja hatukuona mtu. Akasema basi wa Pangani ni mkubwa.

Kansas City ndiyo kwa Hamisi.

Hamisi mdogo wetu anaishi peke yake, chumba na sebule. Mama akiuliza mwambie anakula vizuri, maana ndivyo atakavyotaka niseme. Nilikaa kwake siku mbili. Siku ya pili usiku nikamwambia, omba ruhusa siku nne twende tukaone milima, Idd tuswali huko. Akakubali. Sikumwambia huko ni wapi na kwa nani. Hilo nilifanya kwa makusudi na Mama Salma hakulipenda, kaninunia tangu tulipoondoka mpaka saa sita mchana.

Unajua Kansas ni tambarare jinsi gani? Utadhani hupandi, lakini ardhi inainuka kidogo kidogo njia nzima. Unaondoka ukiwa karibu na chini, unafika Denver uko mita 1,600, juu kuliko Lushoto, na hujaona kilima hata kimoja. Ngano ilikuwa imeiva, mashine zinavuna, vumbi lake la dhahabu mpaka upeo wa macho. Na upepo unavuma kutoka kusini bila mti wa kuuzuia, unalipiga tela ubavuni. Mara lori kubwa likatupita kwa kasi, tela likaanza kutikisika, kushoto, kulia, linazidi. Hamisi akapiga kelele, "Breki!" Mguu ukataka kwenda. Nikasikia sauti ya Baba kama yuko kiti cha nyuma: tela halikanyagiwi breki. Nikaachia mafuta tu, nikashika usukani bila kuupinga, nikabana kile kiswichi cha mkononi kinachofunga breki za tela peke yake. Likajinyoosha. Tukaenda kama kilomita mbili hakuna aliyesema kitu. Halafu Hamisi akasema, "Umemsikia na wewe?" Nikasema nimemsikia.

Pancha tulipata moja, tukabadilisha, haina habari.

Tulipokaribia mji unaoitwa Hays ndipo Hamisi alipofungua ramani kwenye simu, akaona njia inaishia Denver. Akanitazama. Akasema, "Unanipeleka kwa Bakari." Nikasema ndiyo. Akasema nimshushe. Nikamwambia nikushushe wapi, pande zote ngano. Akageuza uso dirishani. Miaka sita, Dada, tangu lile suala la kiwanja cha Pongwe. Miaka sita mtoto wa Baba Mdogo na mdogo wetu hawajaamkiana, wako nchi moja, barabara moja, wa huku anaumwa wa kule hajui. Na wewe unajua kama mimi ninavyojua, Hamisi hakula hata shilingi ya kile kiwanja. Alitia saini kwa kuwa aliambiwa na mkubwa wake atie. Bakari kaambiwa vingine. Aliyewaambia wote wawili ni mtu mmoja, na sitamtaja hapa, kwa sababu Mama anasikiliza.

Hays tukasimama kujaza mafuta. Hapo ndipo nilipopiga ile picha na kuiweka, na hapo ndipo Kaka alipojibu. Na Hamisi aliyasoma yale maneno kwenye simu yake upande wa pili wa pikapu. Nilipomaliza kulipa nikamkuta kasimama, kavua kofia. Akasema, "Mama anakinga maji na beseni mpaka leo?" Yeye alikuwa akidhani bati mpya zilishaezekwa. Mwaka juzi mwezi wa Shaabani nilipomtumia Kaka zile milioni mbili na laki nne za bati, laki saba zilikuwa zake. Sikuwahi kumwambia zilizaa pikipiki. Niliona aibu kwa niaba ya nyumba yetu. Nikamwambia pale pale, kati ya malori. Hakusema neno. Akapanda mbele, akafunga mkanda, akasema, "Twende Denver."

Njia ya Goodland saa ikarudi nyuma mara ya pili. Mnapotoka kuswali Magharibi nyinyi, Denver ni saa tatu na nusu asubuhi. Watoto walishindwa kabisa kuelewa kwamba Bibi yao anakwenda kulala na wao ndiyo wanakunywa chai.

Bakari tulimkuta anatungoja. Kwake hakuna nafasi ya kuweka tela, akatuelekeza kambi iliyo nje kidogo ya mji, akaja na gari lake. Hamisi alikuwa ndani anasaidia kushusha meza. Bakari akapanda ngazi mbili zile, akainua kichwa, wakaonana. Nilikuwa nyuma yake, mlango mwembamba, akitaka kurudi itabidi anikanyage mimi. Akakaa. Meza ile ni ndogo, watu watatu wakikaa magoti yanagusana. Mama Salma akaweka chai ya tangawizi na vitumbua vya kopo, akachukua watoto akaenda nao chumba cha nyuma, akavuta pazia. Watu watatu, wote tumelelewa nyumba moja, tumetazama vikombe.

Halafu ikaja mvua. Huko mwezi wa sita jioni inanyesha mvua ya mawe. Kwanza moja moja, tap, tap, halafu ikafunguka. Dada, paa la tela ni jembamba. Mlio ulikuwa ule ule wa masika ya kwetu Ngamiani, tulipokuwa tunapigiana kelele sikioni ili tusikizane, Mama anawasha kibatari, wewe unasogeza mabeseni. Hatukuweza kuzungumza hata tungetaka. Niliwatazama, wote wameinua macho juu, wanatazama dari. Omari akaanza kulia kule nyuma. Ilidumu kama robo saa, ikakata ghafla, kimya.

Bakari akasema, bado anatazama juu, "Hivi kwa Mama Mkubwa bado panavuja pale juu ya kabati la vyombo?"

Pale ndipo alipokuwa analala yeye, miaka minne aliyosomea kwetu. Godoro chini, miguu chini ya kabati. Kila masika Mama alikuwa anaamka usiku kumsogeza asilowe. Hamisi akamjibu. Neno la kwanza miaka sita: "Panavuja. Kaka, panavuja mpaka leo."

Sitaandika yote yaliyosemwa baada ya hapo. Ya Pongwe yamesemwa, moja baada ya jingine, na nani alisema nini. Hamisi kaonyesha karatasi kwenye simu yake. Bakari kalia kabla yetu. Saa nane ya usiku walikuwa nje na tochi wanahesabu vishimo ambavyo mawe yameacha kwenye paa la tela langu, wanabishana ni ishirini au ishirini na tatu. Siku ya tatu yake ilikuwa Idd, tukaswali pamoja bega kwa bega, watoto wametuzunguka. Nilitaka sana siku ile Baba awepo. Mpaka leo nikiikumbuka koo linaniziba.

Kurudi ilikuwa haraka, siku tatu.

Sasa mambo ya bati, na hapa nisomee Mama polepole.

Tumekubaliana watatu. Bati ni zangu. Mbao za kenchi, misumari na kofia za paa ni za Bakari, kasema mwenyewe wala sikumwomba. Fundi na chakula cha mafundi ni Hamisi. Wewe, Dada, mchukue fundi mmoja unayemwamini, si yule wa mara ile, apande juu apime nyumba yote, ukumbi na vyumba sita na uani, atoe idadi. Aangalie na boriti za ukumbini, nina wasiwasi mchwa. Bati ziwe geji 28. Dukani watakuambia geji 30 zinatosha, usikubali, chumvi ya bahari inazila haraka. Ukishapata hesabu, nipigie picha ya karatasi yenye jina na namba ya duka, mimi nitamlipa mwenye duka mwenyewe. Mbao vile vile. Nataka mpaka mwisho wa mwezi wa tisa kazi iwe imekwisha, vuli isiwakute mmefunua.

Fedha hazitapita kwa Kaka Mkubwa. Najua ataona tumemvunjia heshima. Yeye ndiye mkubwa wetu, baada ya Baba ni yeye, na siku ya kupandisha bati nataka asimame yeye pale chini, awaamuru mafundi, kitanda cha Mama asogeze yeye. Hilo ni lake na hakuna wa kumnyang'anya. Lakini fedha hapana.

Zile milioni mbili na laki nne nimezisamehe. Hamisi naye kasamehe laki saba zake, kaniambia niandike hivyo. Pikipiki ishagongwa Majani Mapana, hakuna wa kumdai mtu. Ninalotaka ni radhi kwa neno la beseni. Alilisema mbele ya watu, wakacheka, na walioucheka umaskini wa Mama baadhi yao hata jirani zetu si. Aliombee radhi pale pale lilipotoka. Asiniombe mimi, amwombe Mama. Mimi nitarudi kuandika kwenye lile kundi siku hiyo hiyo.

Na lile la kwamba nimebadilika, nimekuwa Mzungu, Dada nisaidie kulikanusha, kwa sababu hata wewe nilisikia kama umenyamaza. Tangu nirudi kazini nimekuwa nikiota bada, ugali wetu wa muhogo. Bada yenyewe ile ya Mama, ngumu, na kisamvu, tunakula uani jua limeshuka, harufu ya bahari inakuja ikichanganyika na moshi. Unga wa muhogo huku unapatikana kwa Waafrika wa Magharibi, nimeupika mara nne, haushikani vile. Mama Salma anasema tatizo ni maji. Mimi naona ni sufuria. Kama yule mtu wa Chumbageni akirudi na nafasi kwenye begi, nifungieni unga kilo mbili, na mwiko wa Mama ule uliovunjika mpini, kama hauna kazi.

Mwakani, inshallah, nakuja. Tela siwezi kuja nalo, lakini nitakodi gari kubwa tuwapakie wote, na Kaka akae mbele. Muheza, Hale, Korogwe, Mombo. Shangazi hajamwona Omari, na umri umekwenda. Uniandalie majina ya wasiosemezana, maana sisi wengine habari hatupati.

Jambo la mwisho, na hili usisahau. Bakari ataanza kumpigia Mama kila Jumamosi, huku asubuhi, huko mmetoka kuswali Magharibi. Namba ya zamani aliifuta, nimempa yako, kwa hiyo Jumamosi saa hizo uwe nyumbani na simu iwe na chaji. Mwambie Mama asishtuke na asikate akidhani ni mtu mwingine. Sauti yake imebadilika, imekuwa nzito, kama ya Baba Mdogo.

Mdogo wako,
Athumani